Kikapu Kilichorudi na Machungwa

Kila ukili, ule utepe wa kushonea vikapu, unaotoka mikononi mwa Tunu una kosa moja. Anasuka vizuri, jani juu ya jani, chini ya jani, lakini akifika ukingoni jani lake huruka mawili pale linapotakiwa kuruka moja. Kosa hilo halionekani mpaka uambiwe, na ukishaambiwa huwezi tena kuacha kuliona. Alilitoa kwa bibi yake, ambaye alimfundisha kusuka wakati macho yake yameanza kuingia ukungu. Tunu alikuwa mtu mzima, mwenye watoto, alipogundua kwamba wanawake wengine hawaruki hivyo. Alijaribu kujirekebisha akashindwa. Mikono ilikuwa imeshaamini.

Binti yake Sada alirithi kazi akarithi na kosa, kisha akaongeza la kwake: akiunganisha jani jipya hulikunjia kulia, wakati mama yake hulikunjia kushoto. Ndiyo maana sokoni Mlandizi Tunu anaweza kuokota kikapu kati ya vikapu vya watu akasema hiki changu, hiki cha Sada, na hiki cha mtu aliyefundishwa na Sada. Hajawahi kuona kwamba ni elimu. Kwake ni sawa na kutambua sauti ya mtu aliye chumba cha pili.

Anaishi Janga, kwenye kiwanja alichozaliwa mumewe, Mzee Saburi. Wanalima mahindi na mihogo, na mpunga kidogo bondeni mvua ikikubali. Ni mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa, na ana paka wengi kuliko anavyokubali kuhesabu. Wapo wanaolala juu ya magunia ya mahindi, wapo wanaolala ndani ya makuti ya banda, na yupo mmoja, jike kongwe aitwaye Bi Mkubwa, anayelala popote Mzee Saburi anapotaka kukaa. Mzee huwaambia wageni kwamba katika nyumba hii yeye amepewa hifadhi tu, wenyewe ni wale wenye mikia.

Kwa Tunu paka hauzwi. Mama yake hakuuza, bibi yake hakuuza. Anayemtaka huja na chumvi kidogo mkononi, na mtoto wa paka hutiwa kwenye kikapu, juu ya kipande cha khanga kuukuu ya nyumba ile, ili akifika ugenini harufu imtulize asitoroke. Baadaye kikapu hurudi kwa mwenyewe. Na kama ilivyo kwa sahani ya futari au bakuli la mchuzi, hakirudi kitupu. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Hakuna aliyeliandika jambo hili, lakini mtu akilivunja watamkumbuka nalo hadi wajukuu.

Sada alipoolewa Kisarawe na kijana aitwaye Zaidi, karani wa ofisi za wilaya, Tunu alimtia katika kikapu paka mweupe jina lake Tui. Kikapu chenyewe alikisuka kwa ajili ya safari hiyo, kwa ukindu wa zambarau na kijani, rangi zikipishana kama mistari ya kanzu ya sikukuu. Mama mkwe wa Sada, Bi Mwanahalima, alikipokea kwa mikono miwili. Wale wanawake wawili walipendana tangu siku ya posa. Waliitana mzazi mwenzangu, wakasimuliana maradhi yao na ya waume zao, na walipoagana kila mmoja alimsindikiza mwenzake hadi haikujulikana nani mgeni.

Kikapu kilikaa Kisarawe majuma kadhaa. Kisha Zaidi alipata safari ya kikazi kuja Mlandizi, akakileta kimejaa machungwa, machungwa mazito ya vilima vya Kisarawe, yenye majani yake bado, yamepangwa mpaka mdomoni. Tunu alifurahi kama mtoto. Aliyatoa machungwa, akawagawia majirani, akakiacha kikapu barazani na kile kitambaa chake chini. Kabla jua halijazama Bi Mkubwa alikuwa ameshalala ndani yake.

Ugonjwa ulianza na mate. Bi Mkubwa alikaa akidondosha mate kama mtoto anayeota meno, akakataa dagaa. Tunu alipomfungua kinywa aliona vidonda juu ya ulimi. Baada yake wakafuata wa kwenye magunia, kisha wa bandani: homa, mafua, macho yaliyojaa tongo, miguu inayochechemea. Wakubwa wengi walivumilia. Watoto wa paka hawakuweza. Tunu aliwazika nyuma ya migomba, mmoja mmoja, na panya, ambao habari huwafikia mapema, wakarudi ghalani.

Alimtumia Sada sauti kwenye simu akimweleza. Sada alikawia kujibu. Alipojibu, alisema hata kule paka wanaumwa. Tui ameumwa akapona. Lakini Kadhi, dume kubwa la Bi Mwanahalima, lililokuwa likikaa mlangoni kama mtu anayesikiliza mashauri, limekufa. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema lililobaki. Jirani mmoja, Maua, ameanza kusema mtaani kwamba kabla ya bibi harusi wa Janga paka wa mtaa ule walikuwa wazima. Huyo ameleta maradhi ndani ya kikapu, anasema, na anayeingia na maradhi ya paka hajulikani kesho ataingia na nini.

Tunu aliuliza mama mkwe amesemaje.

"Hajasema kitu, mama," Sada alijibu. "Ananisalimia, anakula ninachopika. Ila hasemi kitu."

Hilo ndilo lililomuuma Tunu kuliko maneno ya Maua. Neno baya unaweza kulijibu. Kimya cha mtu unayempenda hukaa ndani kama mwiba wa mchongoma, kila ukigeuka unakukumbusha. Aliacha kwenda Kisarawe. Aliapa hatampa mtu paka tena, na waliokuja na chumvi aliwarudisha nayo. Moyoni aliamini kwamba Maua amesema kweli: kwamba yeye, kwa mikono yake, amemfungia mwanawe nuksi ndani ya kikapu kizuri na kumpeleka nayo kwa watu.

Siku hizo ndipo alipokuja Eugenia. Huyu ni daktari wa mifugo, mtu wa Kagera anayeishi Mkuza, na kazi yake ni utafiti wa virusi vya wanyama wa majumbani. Alikuwa mteja wa Tunu wa siku nyingi, akichukua vikapu vya kuwapelekea wageni wa ofisini. Ana kicheko cha karibu, na ana balaa moja ambalo Mungu alimpa kwa mzaha: manyoya ya paka humpigisha chafya. Alikuja kufuata vikapu, akakuta hakuna hata kimoja kilichosukwa, na Tunu ameketi na paka mgonjwa mapajani.

"Shikamoo mama. Huyu ana nini?"

"Marahaba. Ana mkosi wangu," Tunu alisema.

Eugenia aliinama kumtazama ulimi, akapiga chafya, akatazama tena. Alisema anakidhania kirusi fulani cha paka, cha paka tu, hakimwingii binadamu. Tunu, aliyezisikia zile chafya, alimtazama kwa huruma, akamuuliza kama ana hakika. Mzee Saburi alicheka mpaka akaondoka barazani.

Tunu akamsimulia yote: kikapu, Tui, Kadhi, maneno ya Maua, kimya cha Bi Mwanahalima. Mwisho akauliza swali alilokuwa akiliogopa. Inawezekana kujua ugonjwa ulitoka wapi kwenda wapi? Eugenia alisema mara nyingine inawezekana, si kila mara. Kirusi kina maandishi yake ndani, vinasaba, na maandishi hayo yanaweza kusomwa herufi kwa herufi. Kirusi hiki hasa hubadilika upesi, na hilo husaidia. Lakini akamtahadharisha: kikisomwa kimesomwa. Huenda kikasema ni Tui kweli.

"Nisomee," Tunu akasema. "Nikijua ni mimi nitakwenda kuomba radhi. Nisipojua nitaomba radhi maisha yangu yote."

Kuchukua sampuli kulikuwa kichekesho cha kijiji. Eugenia alivaa glavu na barakoa, akashika kijiti chenye pamba mbele. Tunu alimshika paka, Mzee Saburi akapewa kazi ya kumfunga taulo, kazi aliyoifanya kwa kisasi. Paka aliyevumilia vidonda kwa majuma hakuvumilia pamba hata kidogo. Pale daktari alipokaribia kufanikiwa chafya ilimjia, na paka, taulo na mzee wakaachana kila mmoja njia yake. Majirani walisogea kuangalia. Kwa mara ya kwanza tangu Bi Mkubwa aanze kudondosha mate, Tunu alijikuta akicheka, akaona haya, kisha akaendelea kucheka. Kabla ya kuondoka Eugenia aliomba na kile kitambaa cha ndani ya kikapu, akakitia kwenye mfuko wa plastiki.

Kisarawe alikwenda peke yake. Sada alimpokea, na Bi Mwanahalima alikubali bila kusita, ila alilalamika kwamba paka wake wanapimwa na daktari kutoka mbali wakati presha yake yeye ina mwaka haijatazamwa. Eugenia alichukua sampuli kwake, kisha akapita na nyumba nyingine za mtaa ule na mtaa wa juu yake, hata ya Maua, kila palipokuwa na paka mwenye kidonda kinywani au aliyewahi kuwa nacho.

Halafu ikaja kazi ambayo Tunu hakuiona, na ambayo Eugenia alimweleza baadaye: kukitoa kirusi ndani ya mate, kukizalisha nakala nyingi, na kukipitisha kwenye mashine ndogo inayotosha kiganjani, iliyochomekwa kwenye kompyuta, ikisoma kamba yenye herufi elfu saba na zaidi, ikirudia na kurudia mpaka makosa yake yenyewe yajitenge na yale ya kirusi. Janga, wakati huo, siku zilipita kama zinavyopita kwa mtu anayesubiri hukumu. Bi Mkubwa alipona, akarudi kwenye kiti cha mzee. Tunu hakusuka.

Eugenia aliporudi alikataa kiti, akaketi mkekani. Aliomba aletewe vikapu vya zamani, vyovyote vilivyopo ndani, vya Tunu na vya Sada. Tunu akavileta bila kuelewa.

"Mama, kikapu cha Sada unakijuaje?"

Tunu alimwonyesha: lile ruko la ukingoni, alilolichukua kwake, na lile kunjo la kulia, ambalo ni la Sada mwenyewe.

"Basi ukikuta kikapu chenye ruko lako na kunjo la Sada, utasema wewe ulijifunza kwa Sada?"

"Nijifunzeje kwa mtoto niliyemfundisha? Ingekuwa mimi nimejifunza kwake, hata vyangu vingekunjia kulia."

"Kirusi nacho ni fundi," Eugenia alisema. "Kila kikijinakili kinakosea kidogo, na anayefuata anarithi kosa na kuongeza la kwake. Nimesoma vya Kisarawe, nimesoma vya Janga. Kule Kisarawe makosa ni ya kila aina, nyumba na nyumba. Kirusi kimekaa pale muda, kimekuwa na watoto na wajukuu, hata katika nyumba ambazo paka wako wala Sada hawajafika. Aina moja tu kati ya hizo iko jikoni kwa Bi Mwanahalima. Aina hiyohiyo ndiyo iliyomshika Tui. Na aina hiyohiyo, imeongezewa kosa moja jipya, ndiyo iliyo kwa paka wako wote. Kosa la Kisarawe liko Janga, mama. Kosa la Janga haliko Kisarawe."

Kidole cha Tunu kilikuwa bado juu ya ukingo wa kikapu.

"Tui hakupeleka kitu," akasema polepole.

"Tui alikwenda mzima akaugulia kule. Siwezi kukuapia kila hatua, lakini hilo nalisimamia."

"Basi huku kilikujaje? Sisi hatukuleta paka kutoka kule."

Eugenia alikitazama kile kikapu cha zambarau na kijani kilichoning'inia ukutani. Kirusi hiki, alisema, kikidondoka na mate kwenye kitu kinaweza kukaa siku nyingi kabla ya kufa. Kitambaa cha ndani kilikuwa nacho. Sada amemwambia kwamba kikapu kile, kilipokuwa Kisarawe, Kadhi alikigeuza kitanda, na aliugulia humohumo.

Mzee Saburi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, ndiye aliyelitamka. "Machungwa," akasema.

Furaha ya Tunu ilikuwa kubwa na ilidumu kitambo kifupi sana. Mwanawe hana nuksi; angeweza kulipigia kelele jambo hilo kutoka Janga hadi Mlandizi. Lakini papo hapo alimwona Bi Mwanahalima akipanga yale machungwa, akichagua yenye majani, akiyaweka kwa uangalifu juu ya kitambaa ambacho kilikuwa kimelaliwa na mgonjwa. Maradhi hayana njia yake yenyewe. Hupita kwenye njia tulizokwisha kuzifyeka kwa kupendana. Akaona kwamba habari inayomwosha mwanawe itamchafua mwenzake, na kwamba atakayeipeleka lazima awe yeye.

Walikwenda kwa gari la Eugenia, wamekibeba na kile kikapu, wakakata kwa Kiluvya, wakapanda vilima. Njia nzima Tunu alipanga maneno, na alipofika yote yalikuwa yamemtoka. Bi Mwanahalima aliwakaribisha uani. Ni mwanamke mnene, mtaratibu, na siku ile alionekana amepungua. Sada alileta chai akataka kuondoka. Mama mkwe wake akamwambia akae. Eugenia alieleza kwa vikapu kama alivyoeleza Janga, lakini kwa upole zaidi, na alipofika kwenye kitambaa alisita. Haikuhitajika amalizie.

"Kwa hiyo ni mimi," Bi Mwanahalima alisema.

"Ni kikapu," Tunu alisema.

"Kikapu hakina mikono, mzazi mwenzangu. Machungwa niliyapanga mimi. Zaidi aliniambia anaondoka alfajiri, nikaona haya kukaa na kikapu cha watu muda wote ule, nikayajaza haraka, sikutazama hata chini."

"Na mimi nikayala, sikutazama chini vilevile."

Bi Mwanahalima alimgeukia Eugenia. Aliuliza kama angekirudisha kitupu paka wa Janga wangepona. Daktari alisema machungwa hayana kosa, tatizo ni kitambaa. Ila akakubali kwamba kikapu kitupu mtu hukikung'uta, hukiosha, hukianika. Kilichojaa hakuna anayekikung'uta.

"Unaona," Bi Mwanahalima alisema. "Ningekirudisha kitupu, wale watoto wa paka wangekuwa hai."

"Ungekirudisha kitupu," Tunu akasema, "mimi na wewe tusingekuwa tunasemezana."

Walitazamana. Aliyeanza kucheka hakujulikana. Sada baadaye alisema ni mama yake, Tunu anasema ni mwenzake. Walicheka mpaka chai ikapoa, wakafuta macho kwa ncha za khanga, na Eugenia, ambaye Tui alikuwa amekwisha mpanda mapajani, alipiga chafya mfululizo akazidi kuwachekesha.

Ndipo Bi Mwanahalima alipoeleza kimya chake. Hakunyamaza kwa kumshuku Sada. Kadhi alianza kudondosha mate kabla ya harusi; alidhani ni mafua ya kawaida ya paka, na katikati ya pilika za mapishi akasahau. Maua alipoanza kusema, alikumbuka, lakini hakuwa na hakika, na kila alipotaka kusema aliona atajiaibisha bure. Akamshika Sada mkono. "Nilikuacha ubebe kitu ambacho nusu yake nilijua ni changu," akasema. Sada aliinamisha uso akalia kidogo, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani na ambaye shingo bado haijaamini.

Bi Mwanahalima aliinuka, akaenda kwenye ua wa michongoma, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Maua, njoo unywe chai. Daktari amesoma paka zetu, nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu."

Maua alikuja, akasikia kwamba hata paka wake yeye ana kirusi cha ukoo huohuo, tena cha zamani kuliko cha jirani yake. Alikunywa chai yake yote, kisha akaomba nyingine, na sukari zaidi. Mtaani waliotaka kuelewa walielewa, hasa pale Bi Mwanahalima aliposema, Maua akiwa hapohapo, kwamba Kadhi ameacha mlango wazi na yeye anataka mrithi, na hamtaki paka wa kokote ila wa Janga.

Eugenia aliwapa masharti. Kitambaa kichomwe. Kikapu kioshwe kwa maji yenye jiki, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Paka waliopona wasitolewe kwa sasa, kwa kuwa wanaweza kubaki na kirusi, na watakaozaliwa wachanjwe kabla ya kwenda kwa watu. Tunu aliyashika yote. Kile kikapu alikiacha Kisarawe, kwa sababu Bi Mwanahalima alikuwa amedai akioshe mwenyewe, kwa mkono wake.

Miezi ikapita. Bi Mkubwa, ambaye wote walidhani amekwisha vuka umri huo, alizaa bandani. Eugenia alikuja na chanjo na barakoa mbili. Watoto walipokomaa Sada alifika kumchukua mrithi wa Kadhi, ana chumvi ndani ya karatasi, kama mtu mwingine yeyote. Mkono mmoja alishika kikapu. Mwingine umeelemewa na ndoo yenye kifuniko.

Tunu alikipokea kikapu. Jiki ilikuwa imekula zambarau yote na kijani yote; kilibaki cheupe, rangi ya ukindu siku unapokatwa. Ndani hamkuwa na kitu.

"Mama mkwe amesema nikuletee kitupu," Sada alisema, "ili uone chini."

Tunu aliona chini. Akapitisha kidole ukingoni, taratibu, mpaka akalikuta lile ruko lake, lipo palepale. Kisha akafunua ndoo. Ilikuwa imejaa machungwa, yenye majani.

"Na hii?"

"Amesema daktari alizungumzia kikapu. Ndoo hakuizungumzia."

Mtoto wa paka, dume jekundujekundu lenye sauti kubwa kuliko mwili, alitiwa kwenye kikapu juu ya khanga iliyofuliwa, akaanza safari ya Kisarawe akilalamika. Jioni ile, machungwa yakiwa yameshagawiwa majirani, Tunu alimenya la mwisho barazani, akaitazama ndoo iliyobaki tupu mbele yake. Ilikuwa ndoo nzuri, yenye mfuniko unaobana. Ilikuwa ndoo ya watu. Akaanza kuwaza kuhusu mihogo, kuhusu mchele mpya, kuhusu nazi.

"Ioshe kwanza," Mzee Saburi alisema, akiwa amesimama, kwa kuwa kiti chake kilikuwa na mwenyewe.